Picha Elfu Moja, Yake Hakuna

Haya jamani, mwenzenu nimerudi! Wiki mbili nilikuwa Bamako, Mali, kwenye warsha ya upigaji picha. Mliodhani nimeacha chuo, poleni.

Ila kurudi nako kuna mambo. Jumapili usiku natua Dar, Jumatatu saa moja asubuhi nina jaribio. Desa sina, bumu limekata, na wenzangu wa kundi wameshafuta jina langu kwenye kazi ya pamoja. Nimenuna? Kidogo. Lakini wana haki, wao walikesha maktaba wakati mimi nakula raha.

Kule tulisimuliwa habari za mzee Malick Sidibé. Miaka ya 1960 alikuwa akizunguka kwenye madansi ya vijana wa Bamako, anasafisha picha usiku huohuo, kisha wahusika wanakuja kuchagua zao. Hakufuata tembo wala twiga, alipiga watu wa mtaani kwake. Mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice, Italia.

Sasa jana nikapita kwa mama ntilie anayenikopesha wali maharage tangu mwaka wa kwanza.

"Mwanangu, huko umepiga picha ngapi?"

"Elfu moja na ushee, mama."

"Na zangu unazo ngapi?"

Nikabaki mdomo wazi. Sina hata moja!

Basi Jumamosi alfajiri, jaribio lisubiri, nitakuwa jikoni kwake na kamera. Nitaisafisha picha, nimkabidhi mkononi. Deni la wali? Hilo tutaongea bumu likitoka.