Mugere tunaipita tu

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania twaujua mnara wa Ujiji, walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Lakini ni wangapi, tukipeleka mawese ya Rumonge sokoni Bujumbura, tumewahi kushuka Mugere, yapata kilomita 12 kabla ya mji? Mabwana hao walilala hapo tarehe 25 Novemba mwaka huohuo, na jiwe lenye majina yao lipo. Nendeni wakati wa mvua, anga likishasafika. Kiangazi vumbi na moshi huficha milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Watoto wetu waliozaliwa kambini huitwa wageni hapa. Wapelekeni, wawe na la kuwajibu wenzao. Wangu nimekwisha kuwapeleka. Sasa wananisumbua turudi.