Ujuzi Usio na Cheti: Somo la Plagi Iliyoganda Nyamongo

Kila unapozuka mjadala kuhusu ajira za vijana wanaoishi jirani na migodi, jibu huwa lilelile: vijana hao hawana ujuzi. Jibu hilo hutolewa katika semina, katika vikao vya halmashauri, na hata katika kumbi zetu za mihadhara. Limezoeleka mno kiasi kwamba hakuna anayeuliza limepimwa kwa kipimo gani. Katika makala haya nakusudia kulipinga, na silaha yangu si nadharia za maendeleo ninazozifundisha darasani, bali jambo dogo linalofahamika kwa yeyote mwenye pikipiki au gari la zamani: plagi iliyogoma kutoka.

Nyamongo, mkoani Mara, inajulikana kwa dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu makubaliano ya Serikali na kampuni ya Barrick, Serikali inamiliki asilimia 16 ya hisa zake. Lakini kando ya uzio wa mgodi upo uchumi mwingine usioandikwa katika ripoti za mwaka. Ni uchumi wa bodaboda zinazobeba abiria, mahindi na magunia ya mkaa, na wa magari ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa tayari yamechoka. Uchumi huo unashikiliwa na mafundi wanaofanya kazi chini ya mabati, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga chuo cha ufundi.

Tuitazame kazi yenyewe. Plagi ni chuma kilichokazwa kwa nyuzi ndani ya silinda hedi ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu, huanza kulana. Juu ya kutu hiyo huongezeka masizi ya petroli yanayojibana kwenye nyuzi za chini, pamoja na vumbi la barabara. Plagi isipofunguliwa kwa muda mrefu, au ikiwa iliyemtangulia fundi aliikaza kwa hasira, hugeuka kuwa kama sehemu ya injini.

Anayetaka kuitoa kwa nguvu huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili kuurefusha, kisha huuegemea kwa uzito wa mwili wake wote. Mwisho wake ni mojawapo kati ya mambo matatu. Kauri ya plagi huvunjika. Au shingo ya plagi hukatika na kuacha kipande ndani. Au plagi hutoka, lakini hutoka na nyuzi za alumini zikiwa zimeizunguka kama maganda ya mua. Kwa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya kila siku na mwenye chombo, silinda hedi iliyoharibika ni siku kadhaa bila kipato, na huenda ukawa mwanzo wa kunyang'anywa pikipiki.

Fundi anayeijua kazi yake hafanyi hivyo. Kwanza hupuliza uchafu uliozunguka plagi, kwa sababu mchanga ukidondokea ndani ya silinda utaikwangua. Kisha humimina mafuta ya kupenya kwenye shina la plagi na kuyaacha, ikiwezekana usiku kucha. Asubuhi huiwasha injini kwa muda mfupi ili ipate uvuguvugu. Hapa pana sababu ambayo mwalimu wa fizikia angeifurahia: alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma, hivyo tundu hufunguka kuliko plagi inavyonenepa. Hata hivyo injini haiachwi ichemke, kwa maana alumini yenye moto mkali hupungua nguvu na nyuzi zake huchunika kwa urahisi.

Ndipo spana inapowekwa, wima na bila kuyumba. Fundi hulegeza kidogo, labda robo ya mzunguko. Akihisi ugumu unaongezeka, hasukumi mbele. Hurudi nyuma kwa kukaza, huongeza tone la mafuta, kisha hulegeza tena. Kwa mwendo huo wa kwenda na kurudi masizi husagika na mafuta hupata njia. Kazi inaweza kuchukua saa nzima. Mkono wake unasoma kile ambacho jicho haliwezi kukiona: tofauti kati ya plagi inayokubali kulegea na nyuzi zinazoanza kukatika.

Kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu ya bei ya gari. Mazda RX-8, gari la michezo lililotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, lina injini ya mzunguko iliyotokana na ubunifu wa Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni, ina rota mbili zenye umbo la pembetatu, na kila rota ina plagi mbili. Plagi hizo nazo ni chuma kilichofungwa ndani ya kasha lililoundwa kwa alumini. Ukizilazimisha, unaharibu kasha ambalo ni ukuta wenyewe wa chumba cha mwako, na uchafu unaodondoka unaweza kuumiza vibanio vyembamba vilivyo kwenye ncha za rota. Mmiliki wa gari hilo Ulaya ataelekezwa hatua zilezile: safisha, lowesha, subiri, pasha kiasi, nenda na urudi.

Basi nauliza: kama huu si ujuzi, ujuzi ni nini? Ndani yake mna kemia ya kutu, fizikia ya joto, na jambo lililo adimu kuliko yote mawili, yaani uamuzi wa kujua wakati wa kuacha. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama katika mkoa huuhuu, alionya katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 juu ya mfumo unaotufanya tuamini kwamba maarifa yenye thamani hupatikana vitabuni na kwa wasomi pekee. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunamuuliza fundi swali moja tu: cheti chako kiko wapi?

Wapo watakaonijibu kwamba malori makubwa ya mgodini hutumia dizeli, na injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Ni kweli. Lakini boliti iliyoshikwa na kutu haiulizi injini inakunywa mafuta gani. Mkono uliojifunza kutofautisha ugumu wa kutu na ugumu wa nyuzi zinazokufa hauhitaji kuanza upya, unahitaji kuongezewa. Wengine watasema kwamba mgodini usalama hauna mzaha na mafunzo rasmi ni lazima. Nakubaliana nao kabisa. Fundi asiyevaa miwani ya kujikinga na asiyeweza kusoma kitabu cha maelekezo ya mashine ana upungufu. Ila kuwa na upungufu si sawa na kutokuwa na ujuzi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atafundishwa miezi michache au atafukuzwa getini.

Njia ya kuliondoa tatizo hili ipo tayari. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake, huelekezwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Sheria ya Madini nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinataka Watanzania wenye sifa wapewe kipaumbele katika ajira.

Pendekezo langu ni kuziunganisha nyenzo hizo tatu. Halmashauri iingize katika mpango huo gharama za kuwaleta wapimaji Nyamongo kwenyewe, badala ya kumtaka fundi afunge gereji na kuacha wateja wake ili afuate upimaji mbali. Upimaji ufanyike kwa Kiswahili na kwa vitendo. Na orodha ya waliofaulu iwekwe hadharani na ipelekwe kwa mgodi na kwa wakandarasi wake, ili siku nyingine tukiambiwa wenye sifa hawapo, tuwe na majina ya kuonyesha.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Walisema kweli kuhusu ujuzi, lakini mwenye nao huzeeka. Kila mwaka tunaochelewa, fundi mmoja zaidi anavuka umri wa kuajiriwa akiwa na mkono uliojua mengi na mfuko usio na karatasi hata moja.