Mtoto Aliyechelewa Kusema

Mtoto wa kiume akichelewa kusema na kukwepa macho ya watu, aghalabu husingiziwa jini, na mama yake hulaumiwa. Majini yapo, tumeamini. Lakini wakati mwingine chanzo ni jeni iitwayo FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991. Jeni hiyo hutengeneza protini inayodhibiti maungio ya seli za ubongo; kipande chake kimoja kikijirudia zaidi ya mara 200, jeni huzimika na protini hukosekana. Naam, mwana huirithi kwa mama. Ila mama naye huenda aliipokea kwa baba yake, mzee mwenye akili timamu asiyejua alichobeba. Basi mume anayemtishia mkewe talaka, amemwona na kosa gani? Kipimo cha damu kipo.