Kailasa halikujengwa, lilichongwa

Katika insha niliyoisahihisha majuzi, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba hekalu la Kailasa, lililoko Ellora katika jimbo la Maharashtra nchini India, lilijengwa na viumbe waliotoka angani, kwa kuwa binadamu wa kale hakuwa na uwezo wa kazi kama ile. Sentensi hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni la kitenzi, nalo ndilo lililozaa la pili.

Kujenga ni kuongeza: jiwe juu ya jiwe, tofali juu ya tofali. Kailasa lilipatikana kwa kupunguza. Katika karne ya 8, enzi ya mfalme Krishna wa Kwanza wa ukoo wa Rashtrakuta, mafundi walianzia juu ya kilima cha basalti, jiwe gumu litokanalo na volkano. Walichimba mahandaki matatu yaliyotenga bonge kubwa la mwamba, kisha wakaanza kulichonga kuelekea chini. Kilele kilitangulia, zikafuata paa na kuta, na mwisho ndovu wa mawe wanaoonekana kana kwamba wamelibeba hekalu migongoni. Ua uliobaki una urefu wa mita 82 hivi na upana wa mita 46, na ukuta wake wa nyuma unapita mita 30 kwenda juu.

Anayefikiria ujenzi huuliza mawe yalipandishwaje na majukwaa ya waashi yalisimamishwaje. Maswali hayo hayana mahali hapa. Fundi alisimama juu ya mwamba ambao hakuwa ameuchonga bado. Huo ndio uliokuwa jukwaa lake. Shida yake ilikuwa nyingine kabisa. Mwashi akikosea huweza kubomoa na kuanza upya, lakini aliyekata pua ya sanamu ndani ya mwamba hana pa kuirudishia. Kwa hiyo ilimlazimu alione hekalu zima akilini kabla ya kuinua nyundo na tindo.

Ushahidi wa utaratibu huu hauko Ellora peke yake. Kule Mamallapuram, kwenye pwani ya Tamil Nadu, mafundi wa wafalme wa Pallava walichonga katika karne ya 7 mahekalu matano ya matale yaitwayo ratha, yaani magari ya vita. Baadhi yake hayakukamilika. Vilele vimenakshiwa vizuri, ilhali sehemu za chini zimebaki mwamba usioguswa. Anayetaka kujua kazi ilianzia wapi na atazame ilipokomea.

Wala mafundi wa Kailasa hawakuzuka ghafla. Ellora ina mapango 34 yanayojulikana zaidi: 12 ya Wabuddha, 17 ya Wahindu na 5 ya Wajaini. (Wahindu, tafadhali, ni wafuasi wa dini, Wahindi ni watu wa India. Insha nyingi huwachanganya.) Kailasa limepewa namba 16 katika orodha hiyo, na hata neno “pango” halilifai, kwani mtu akisimama uani huona mbingu. Isitoshe, umbo lake linafuata kwa karibu hekalu la Virupaksha la Pattadakal, ambalo kweli lilijengwa kwa mawe katika karne hiyo hiyo ya 8, wakati wa wafalme wa Chalukya walioshindwa baadaye na hao Rashtrakuta. Mafundi walikuwa na mfano wa kuufuata, na nyuma yao kulikuwa na vizazi vya wachonga miamba.

Kustaajabu si kosa. Mabamba ya shaba ya mwaka 812, yaliyopatikana Baroda, yanasimulia kuwa miungu wenyewe walipolitazama hekalu hilo walidhani limejitokeza lenyewe, na kwamba hata fundi aliyelifanya alishangaa jinsi alivyoliweza. Lakini angalieni tofauti: aliyeandika maneno hayo alistaajabu na bado akamweka fundi ndani ya habari. Mwanafunzi wangu alistaajabu akamfuta.

Sisi Waafrika tuna sababu ya kulikasirikia jambo hili. Kuta za Great Zimbabwe zilidaiwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya Wafoeniki na wageni wengine, ingawa wanaakiolojia David Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 walionyesha kuwa ni kazi ya Waafrika. Hoja ya waliodai hivyo ilikuwa ile ile ya insha: hawa hawangeweza. Ajabu ni kwamba leo hoja hiyo inatolewa na kijana wa Kenya dhidi ya mafundi wa India, naye ameiokota katika filamu akidhani ni sayansi.

Sikumpa sufuri. Nilimrudishia karatasi na kumtaka aiandike upya aya ile kwa kauli ya kutenda, kwa sababu kauli ya kutendwa humruhusu mwandishi kumficha mtenda au kumbandika amtakaye. Alirejea baada ya siku mbili. Alikuwa ameandika kwamba mafundi wa mfalme Krishna walilichonga hekalu la Kailasa kutoka juu hadi chini, kisha akaniuliza fundi mkuu aliitwa nani. Nilimwambia kuwa mabamba yale yalimtaja fundi bila kumpa jina. Akanyamaza kidogo, akasema hiyo si haki.