PLAGI ILIYORUKA NA KALAMU YA KARANI

Bwana Mhariri,

Twaomba nafasi katika kurasa za chama chetu tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani halituhusu, nalo ni plagi ya motokaa iliyoruka kutoka katika injini. Wasomaji watasema, "Sisi ni makarani, plagi ni kazi ya mafundi." Nasi tulisema hivyo hivyo, mpaka plagi moja ilipotufundisha kwamba injini nayo hupita mezani petu, ila huja katika umbo la karatasi.

Habari yenyewe ni hii. Idara tunayoitumikia ina lori dogo la petroli la kuchukulia mizigo. Siku moja lilikuwa njiani limepakia makasha ya dawa, mara mlio ukasikika kama wa bunduki, injini ikaanza kutetemeka na kufoka. Dereva akasimama papo hapo, akazima injini, akafungua boneti, akaona plagi moja imetoka tunduni pamoja na koili yake, inaning'inia kwa waya. Hakukubali kuliwasha gari tena. Alipeleka habari, akalala njiani na mzigo wake, na dawa zikafika siku ya pili. Hapo likazuka swali la nani alipe. Tukaagizwa kuandika taarifa, nasi tukaandika kwa mwandiko mzuri: "Sababu: uzembe wa dereva. Tena amechelewesha mzigo kwa kukataa kuendesha." Kwa maneno hayo machache mtu yule, mwenye watoto kama sisi, alikuwa karibu kukatwa mshahara.

Lakini fundi mmoja mzee aliyeitwa kulitazama gari alitutaka twende naye. Akatutilia ile plagi mkononi akasema, "Bwana Karani, tazama hesi zake." Tukatazama. Katika mifereji ile ya kuzunguka, ambayo ndiyo hushika plagi shimoni, mlikuwa na uzi mweupe wa madini umejizungusha. Akasema, "Hiyo ni alumini ya injini. Plagi haikuharibika. Shimo ndilo lililong'oka likaja nayo." Kisha akauliza daftari la gari. Tukalileta. Majuma matatu nyuma dereva alikuwa ameandika: "Injini yalia tik tik upande wa kulia, hasa mlimani." Chini ya maneno hayo palikuwa na herufi za jina letu. Tulikuwa tumetia sahihi, tukaweka jaladani, tusimpelekee fundi yeyote.

Ndugu wasomaji, hatukupata la kusema. Mlio ule ndio dalili yenyewe. Plagi ikianza kulegea, pumzi ya moto hupenya kidogo kidogo pembeni yake, nayo hulia tik tik, na huongeza mbio kadiri injini inavyoongeza mbio. Plagi ingalitazamwa siku ile huenda ingalikazwa tu, na kazi ingalikwisha kwa spana moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tuwaeleze wale wasiojua jinsi jambo hili linavyokuwa. Malori makubwa mengi ni ya dizeli, nayo hayana plagi za cheche; lakini yale ya petroli kila silinda ina plagi yake, imefungwa kwa hesi katika kichwa cha injini. Petroli inapowaka na injini ikivuta mzigo, nguvu ya pumzi ndani ya silinda yaweza kufika kilo 50 na zaidi katika kila sentimeta ya mraba. Shimo la plagi yenye upana wa milimeta 14 lina eneo la kama sentimeta moja na nusu ya mraba. Basi msukumo unaoipiga plagi kwenda nje ni kama kilo 75, yaani uzito wa mtu mzima. Na injini ya mapigo manne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila plagi husukumwa hivyo mara 1,000 katika dakika hiyo moja. Plagi ni ya chuma, na kichwa cha injini siku hizi ni cha alumini, madini laini. Hesi zikiwa chache, au plagi ikiwa imelegea, au ikiwa imekazwa kupita kiasi hata hesi zikachubuka, alumini ndiyo ishindwayo.

Wala si gari letu tu. Mfano uliojulikana sana ni wa Marekani. Kampuni ya Ford ilitia katika pikapu na malori yake, kama F-150 na F-250, injini ziitwazo Triton: za silinda 8 zenye lita 4.6 na 5.4, na ya silinda 10 yenye lita 6.8. Katika nyingi za injini hizo zenye vali mbili kwa kila silinda, zilizotengenezwa tangu 1997 mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, shimo la plagi lilikuwa na hesi kama nne tu zenye kushika. Watu wengi wakaona plagi zikiruka barabarani, nyingine zikiwa hazijaguswa na fundi tangu zitoke kiwandani. Vichwa vilivyotengenezwa baadaye viliongezwa hesi. Twawauliza wenzetu: mwenye gari kama hilo angeandikiwa "uzembe wa dereva", je, maneno hayo yangekuwa ya kweli?

Sasa tuje kwenye matengenezo, maana hapo ndipo karatasi za malipo hutufikia, nasi hutia sahihi bila kujua tunalolipia. Njia zi nne.

Ya kwanza ni ya aibu: kuizungushia plagi utepe au kuipaka gundi, kisha kuigongomea ndani. Gundi haistahimili moto wa silinda wala msukumo tuliokwisha kuutaja. Plagi itaruka tena, na kila irukapo shimo hupanuka.

Ya pili ni kutia waya wa chuma uliosokotwa kama springi ili uwe hesi mpya. Waya huo hufaa mahali pengi, walakini katika shimo la plagi mafundi wengi hawauamini, kwa kuwa waweza kutoka pamoja na plagi.

Ya tatu ni bushi: kipande kizima cha chuma au cha alumini ngumu, chenye hesi nje za kushika kichwa cha injini, na hesi ndani za kushika plagi. Bushi njema ina ukingo wa kuketi, na ina namna ya kufungwa isizunguke wala kutoka. Hii ndiyo njia tunayoisifu. Mwaka 2007 Ford yenyewe iliwatolea mafundi wake taarifa ya kuruhusu bushi ya alumini, injini ikiwa mahali pake ndani ya gari, hali hapo kwanza shauri lilikuwa kubadili kichwa kizima.

Ya nne ni huko kubadili kichwa kizima. Ni kazi kubwa na ya fedha nyingi, nayo yapasa pale tu ambapo kichwa kimepasuka au shimo limeharibika hata bushi haliketi.

Tulimtazama mzee yule akifanya kazi. Aliacha injini ipoe kabisa. Alikipaka grisi chuma cha kuchongea hesi ili chembe za alumini zinate humo, akawa akichonga kidogo, akikitoa, akikifuta, akikipaka tena. Alikuwa na subira ya mtu apigaye hesabu ya kufunga mwaka. Alipokwisha akaizungusha injini kwa mkono mpaka vali ya kutolea moshi ikafunguka, akapuliza upepo ili chembe zitoke, kwa maana chembe ikibaki hukwaruza ukuta wa silinda. Ndipo akatia bushi, akaifunga, akatia plagi mpya, akaikaza kwa spana yenye kipimo kama kitabu cha gari kisemavyo. Kisha hakuishia hapo. Akazipima plagi nyingine zote. Mbili akazikuta zimelegea.

Tukamwuliza pia habari ya dereva kukataa kuendesha. Akacheka, akasema, "Mshukuruni." Shimo likiwa wazi, injekta ya silinda ile huendelea kunyunyiza petroli, na petroli hiyo hutoka nje karibu na bomba la moshi lililo moto. Lori lile lingaliweza kuwaka na dawa zote. Basi tendo tuliloliandika kuwa kosa ndilo lililoziokoa.

Kutokana na hayo sisi twaona mambo matatu yatupasa, sisi tunaoshika kalamu.

Kwanza, tusiandike sababu ya hasara kabla fundi hajalitazama shimo na kuitazama plagi. Neno "uzembe" ni jepesi kuandika, lakini huingia katika jalada la mtu likakaa huko miaka yote ya utumishi wake. Kama hatujui, tuandike kwamba sababu inatafutwa. Hilo si aibu.

Pili, daftari la gari lisomwe. Dereva akiandika mlio, harufu au mtetemeko, maneno yake yapelekwe gereji siku ile ile, na jibu la fundi liandikwe chini yake. Sahihi yetu iwe alama ya kazi iliyofanyika, isiwe alama ya kuona tu.

Tatu, ankara ikija mezani tuulize maswali machache. Plagi imerudishwa kwa njia gani? Bushi ni ya aina gani? Chembe zimetolewaje? Plagi nyingine zimepimwa kwa spana ya kipimo? Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Ikiwa ankara yataka kichwa kipya, tuulize kwa nini bushi haifai. Na ikiwa ankara ni ndogo ajabu, tuulize vile vile, maana gundi nayo ina bei.

Wapo watakaosema kwamba karani akianza kuuliza habari za injini atakuwa amevuka mpaka wa kazi yake. Twawajibu kwa heshima: hatusemi karani ashike spana. Twasema ajue maana ya karatasi anayoitia sahihi. Aliyeandika "uzembe wa dereva" tayari amesema habari za injini, tena amezisema bila kuzijua. Wengine watasema kazi ni nyingi na daftari ni nene. Ni kweli. Lakini mstari ule wa dereva ulikuwa na maneno tisa, nasi tulipata nafasi ya kutia sahihi chini yake.

Taarifa yetu ya kwanza tuliiondoa, tukaandika nyingine, na ndani yake tukataja siku ambayo dereva alileta habari ya mlio na siku ambayo sisi tuliiacha jaladani. Haikuwa rahisi kuiandika, na mkubwa wetu hakutusifu kwa hayo. Mshahara wa dereva haukukatwa. Tulipomwendea kumtaka radhi, alisema tu kwamba alikuwa amedhani hakuna asomaye daftari lile.

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tukuandikie, Bwana Mhariri. Madereva wangapi katika idara zetu wanaandika kila jioni wakidhani hakuna asomaye? Yafaa kila mmoja wetu kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine, afungue daftari la gari lililo chini ya mkono wake, asome kurasa za mwezi mmoja nyuma.

Sisi, karani mwenzenu.