Log4j: sababu gani kiraka kimoja hakikutosha?

Log4j ni kipande kidogo cha programu, cha bure, kinachotunzwa na watu wa kujitolea. Kazi yake ni kuandika yote yanayopita ndani ya programu za Java, kama karani mwenye daftari mlangoni. Tarehe 24 Novemba 2021, fundi mmoja wa Alibaba Cloud, huko China, aliwajulisha watunzaji kwamba karani huyo ana ubaya: ukimwandikisha maneno fulani, anayatii kama amri. Mwizi anaingia katika serveri bila neno la siri.

Kiraka kilitoka Desemba, toleo 2.15. Kumbe hakikuziba vizuri. Ikafuata 2.16, kisha 2.17, na mbele mwezi uishe, 2.17.1. Fundi aliyefikiri amemaliza akaanza upya mara tatu.

Lakini shida kubwa haikuwa kiraka, ilikuwa kujua pa kukiweka. Programu moja inategemea ingine, na ile nayo ingine tena. Log4j inaweza kulala chini kabisa, ndani ya faili iliyofungwa ndani ya faili. Chombo cha kutafuta vipande vya zamani, kama kinasoma orodha ya juu tu, kitajibu kwamba hakuna kitu. Mara ingine toleo mpya linawekwa, programu inakataa kuwaka, fundi anarudisha la zamani ili kazi isisimame. Atarudilia kesho, anasema. Tena kuna wale waliobadilisha faili bila kuzima serveri na kuiwasha: lile la zamani njo linaendelea kutumika.

Huko Marekani, wizara moja ilitumia masaa 33.000 kwa kazi hii. Mu Julai 2022, tume ya serikali yao ikasema ubaya huo unaweza kubakia miaka 10 ao zaidi.

Inagusa nani hapa kwetu? Zone za afya zinatuma hesabu za malaria, surua na kolera kupitia DHIS2, na DHIS2 ni programu ya Java. Hospitali na mashirika mengine pia yana serveri zao, mara nyingi zilizowekwa na fundi wa mradi uliokwisha zamani. Vita vikimkimbiza fundi, serveri inabaki inawaka pale umeme upo, na hakuna mtu mwenye orodha ya vipande vilivyo ndani.