Mnafunga kibanda, simu mnaziacha

Mwezi uliopita viongozi wa kijiji chetu hapa Nakivale waliita kikao wakasema kibanda cha gemu kifungwe. Kijiji gani sisemi, anayejua anajua. Sababu zilikuwa tatu. Eti kibanda kinafundisha watoto uvivu, eti kinafundisha ujeuri, na ile ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini kidogo: kwamba mle ndani watoto wanapiga siasa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimekalia dumu, nikainua mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Basi naandika hapa. Mhariri naye ana mambo yake ya kurasa, lakini angalau ananiacha nimalize sentensi.

Kwa ambao hawajawahi kuingia: ni chumba cha udongo na bati, tivii mbili, PlayStation 2 mbili zilizochoka kama sisi, paneli ya sola juu, betri ya gari chini. Mechi moja ya mpira ni shilingi 300. Usiku wanaweka filamu. Filamu inasema Kiingereza, VJ wa Kampala anaitafsiri Kiganda juu yake, halafu kijana mmoja wa Fizi anaitafsiri tena Kiswahili kwa wasiosikia Kiganda, na katika safari hiyo filamu inageuka kabisa. Nimeshaona filamu ya kivita ikitufikia ikiwa habari ya mahari. Sitaki kusema uongo, ilikuwa nzuri zaidi.

Habari ya uvivu sitaikalia sana. Kijana wa miaka 17 amekosa karo, na shamba la kwao ni kipande ambacho mama yake anamaliza kukilima asubuhi moja. Gemu haikumfanya akae. Ilimkuta amekaa. Mei 2025, PAM ilipokata msaada wa chakula kwa wakimbizi karibu milioni moja Uganda nzima kwa kukosa pesa, sikusikia mtu akisema ni sababu ya gemu. Nakubali wapo wanaozidisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, na kipimo chao si mtoto kucheza Jumamosi nzima. Ni mtu kushindwa kujizuia mpaka shule, kazi na familia vinaharibika, na kwa kawaida hali hiyo idumu miezi 12. Mle ndani nilimjua mmoja wa hivyo, aliuza maharage ya nyumbani. Tulikaa naye, tukamtafutia kazi ya kuchaji simu za watu kwenye sola ileile. Kwa hiyo kibanda kifungwe saa za shule, sawa. Mikeka ya kubeti ikatazwe mlangoni, sawa kabisa, na hapo ndo tutaona ni wazee wangapi watalia.

Ujeuri nao. Wazee wangu, mmesahau haraka hivi? Ile Commando ya Schwarzenegger, ya mwaka 1985, nani aliiangalia mara kumi kumi katika vibanda vya Uvira na Bukavu? Baba yangu mpaka leo anaweza kukuonyesha vile jamaa alivyojipaka rangi usoni, na baba yangu hajawahi kumpiga hata jirani aliyemhamishia mpaka wa shamba. Mtaniambia kule Sierra Leone wapiganaji wa RUF walikuwa wakiangalia filamu za Rambo. Ni kweli. Lakini Rambo si ndiye aliyewapelekea bunduki. Biashara ile ilikuwa ya almasi na ya watu wazima. Mwaka 2012 Charles Taylor alihukumiwa miaka 50 kwa kuwasaidia hao, naye alikuwa rais wa nchi jirani, si mwenye kibanda.

Sasa tufike kwenye siasa, maana hapo ndipo kidonda kilipo.

Papa mmoja alisimama kikaoni akasema ile mashine yenyewe ni damu ya Kongo. Watu wakacheka. Mi sikucheka, kwa sababu papa alisema jambo la kweli kuliko wote waliozungumza siku ile. Ndani ya simu na mashine za gemu kuna vipande vidogo vya kutunza umeme vinavyotengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu inatoka kwenye koltani. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000. Mwaka huohuo bei ya tantalamu duniani ikapanda mara kadhaa, viwanda vya simu na vya gemu vikiigombania, na kwetu Kivu watu wakaacha mihogo shambani wakakimbilia mashimoni. RCD, waliokuwa wakitawala Goma na Bukavu wakati ule, hawakutaka kupitwa. Novemba 2000 wakaipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje peke yake. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na aliyekuwa shimoni akabaki na shimo. Mashine zenyewe zikaendelea kuuzwa mpaka zikapita milioni 150. Mbili kati ya hizo ziko kwetu, zimezunguka dunia zikarudi jirani na nyumbani, pedi moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Lakini papa, nakuuliza kwa heshima. Simu uliyokuwa nayo mkononi ukisema hayo, ndani yake mna nini? Koltani ya mwaka 2000 imeshachimbwa. Ya leo inatoka Rubaya, kule Masisi. M23 waliiteka Rubaya mwaka 2024, na mwisho wa mwaka huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kwamba kundi hilo linakusanya pale kama dola 800,000 kila mwezi kwa kodi ya koltani tu. Kama tunafunga vitu kwa sababu ya koltani, tuanze na mifuko yetu, halafu tuende kibandani.

Na mnadhani watoto hawajui? Hayo ya koltani wanayajadili mle mle. Siku moja mwisho wa 2024 waliweka Black Panther, ile ya 2018. Mnaikumbuka: nchi ya Wakanda ina madini ambayo hayapo kwingine, imejificha isichimbwe na wageni. Kijana mmoja akapiga kelele, "Hiyo ni Rubaya yenye mlango!" Kicheko. Mwenye kibanda akasimamisha filamu, maana kila mtu alikuwa anataka kusema. Wakabishana karibu nusu saa kama Kongo ingeweza kujificha vile, na mlango angeufunga nani, na ufunguo angekaa nao nani. Nimehudhuria semina za siasa zenye soda na posho ambazo hazikufika hapo.

Halafu filamu ikaendelea, ikafika pale W'Kabi anamwambia mfalme kwamba ukiwaingiza wakimbizi wanakuja na matatizo yao, na Wakanda itakuwa kama kwingine kote. Anayecheza W'Kabi ni Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda. Nakwambia chumba kilinyamaza. Watoto arobaini wa wakimbizi, Uganda, wanaambiwa hivyo na mtoto wa Waganda katika nchi ambayo haipo. Kijana mmoja Mnyamulenge, mpole, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema polepole, "Kumbe hata kule sisi ndo matatizo." Yule mtafsiri wa Fizi akamjibu, "Sisi wote, mdogo wangu. Sogea, unanizibia tivii." Neno "sisi wote" lilisemwa mle. Sijalisikia likisemwa kikaoni.

Tarehe 27 Januari 2025 M23 wakaingia Goma. Hilo sihitaji kuwasimulia. Kila mtu alikuwa na ndugu kule, simu haziingii, watu hawalali. Siku mbili baadaye yule kijana mpole akaja kibandani kama kawaida, na baadhi ya wenzake wakasema hawakai naye. "Aende kwabo," mmoja akasema. Kwao ni wapi, mtoto aliyezaliwa hapa Nakivale?

Mwenye kibanda si mwalimu wala mchungaji. Ana kipande cha boksi ukutani anachoandikia majina ya wanaosubiri zamu, na sheria yake ni moja, aliye juu ndiye anayeshika pedi. Siku ile walikuwa wanacheza wawili kwa wawili. Boksi likampanga yule kijana timu moja na mtoto wa Uvira, huyohuyo aliyesema aende kwabo. Yule wa Uvira akataka kuruka zamu. Akaambiwa ukiruka unarudi chini kabisa, na pesa hairudi. Akakaa. Walifungwa tatu bila. Wakagombana vibaya sana, nikasimama nikidhani sasa imefika, kumbe wanagombana nani alikosa penati. Wakadai marudiano. Sisemi walipendana. Nasema kwa saa nzima walitukanana kama wachezaji, na siku ile hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Wiki ileile ikaja ile sauti ya WhatsApp. Wengi wenu mliisikia. Mwanamume asiyejitaja anasema "wale watu" wameingiza silaha hapa ndani ya magunia ya mahindi, tuangalie nyumba zao usiku, tusiwape maji. Haikupita kibandani. Vijana wengi mle hawana hata bando, simu zao ni za vitufe. Ilipita kwenye grupu la kwaya. Ikapita kwenye grupu la watu wa kijiji kimoja cha kwetu, na kwenye grupu la akina baba. Ilikuwa na ile mishale miwili juu, maana yake imeshatumwa na kutumwa mara nyingi na hakuna anayejua ilianzia wapi. Tangu 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kutumwa kwenye zaidi ya grupu au mtu mmoja kwa mara moja. Watu wetu wakaituma moja moja kwa uvumilivu, kama wanaopanda mbegu. Usiku wa tatu mawe yakapigwa juu ya bati la nyumba ya yule kijana. Mama yake akaacha kwenda bombani, akawa anatuma mtoto wa miaka tisa saa kumi na moja alfajiri kabla watu hawajaamka.

Mimi niliipata ile sauti kutoka kwa shangazi yangu. Mimi, mfanyakazi wa vijana, niliyepewa cheti cha kujenga amani chenye mhuri. Sikumjibu, kwa sababu ni shangazi. Na kibaya zaidi, nilimtumia rafiki yangu mmoja nikaandika chini, "Hii ni kweli?" Nilijiona mwangalifu. Baadaye nikajua rafiki naye alimtumia mwingine na swali lilelile. Swali langu liliibeba ile sauti hatua moja mbele kuelekea kwenye lile bati.

Kwa hiyo mkiniambia kibanda ndicho kinacholeta siasa mbaya, nawauliza siasa gani mbaya eneo letu la Maziwa Makuu ililetwa na watoto wanaocheza. Mwaka 1994 pale Rwanda hakukuwa na pedi ya gemu iliyosoma majina ya watu wa kuuawa. Kulikuwa na redio, RTLM, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla na watu wenye shahada, na ilikuwa inachekesha, inapiga muziki mzuri, watu waliipenda. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakubwa wake mwaka 2003. Kwetu Kongo, Agosti 1998, maneno juu ya Watutsi yalitoka kwenye midomo ya wakubwa wa Kinshasa, mpaka mwaka 2000 Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia, wakati huo akiwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 2002 mahakama ya The Hague ikaiamuru Ubelgiji iifute hati, kwa sababu ya kinga ya waziri. Sasa redio imeingia mfukoni, na kila mmoja wetu ni mtangazaji. Watoto wamezaliwa wamekuta hivyo.

Mtu atasema, basi watoto wafungiwe kibanda na wakubwa waelimishwe juu ya simu, vyote viwili. Hapana. Mkifunga kibanda yule wa Uvira na yule Mnyamulenge hawatakutana tena popote. Makanisa yao ni tofauti, mabomba yao ya maji ni tofauti, hata njia ya kwenda sokoni siku hizi ni tofauti. Watabaki kila mmoja na sauti za grupu la mama yake. Kile kipande cha boksi ndicho mahali pekee nilipoona majina yao yakiandikwa moja chini ya lingine bila mtu kuuliza kabila.

Kikao kingine ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane. Mwenye kibanda amesema atakuja na boksi lake, tuone kama kuna sheria mnayotaka kuongeza. Nami naomba kitu kimoja. Kila mkubwa aliyepiga makofi aje na simu yake ikiwa na chaji. Tuziweke mezani, tufungue magrupu, tusikilize zile sauti zenye mishale miwili moja baada ya nyingine, na aliyetuma aseme alipewa na nani. Mama wa yule kijana nimemwalika. Tutaanza na simu yangu.